Dawa za Mimea Dhidi ya Wadudu wa Mazao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa tena na tena na wakulima wa bustani na mashamba madogo ya Tanzania na Kenya wanaotumia, au wanaofikiria kutumia, mwarobaini, utupa, pareto na mimea mingine badala ya viuatilifu vya viwandani. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Nilinyunyizia mwarobaini jioni, asubuhi nikakuta wadudu bado wako hai. Je, dawa haifanyi kazi?

Inawezekana kabisa kwamba ilikuwa inafanya kazi. Kiini kikuu cha mwarobaini, kiitwacho azadiraktini, hakiui kwa kasi kama viuatilifu vya neva. Kwanza humfanya mdudu akatae kula jani lililonyunyiziwa. Pili huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua gamba, hivyo kiwavi mchanga hushindwa kukua na kufa baada ya siku kadhaa. Tatu hupunguza uwezo wa majike kutaga mayai yenye uhai. Kwa hiyo kipimo cha mafanikio ni hali ya majani mapya baada ya siku nne au tano, na si idadi ya mizoga chini ya mmea asubuhi inayofuata.

Tabia hii ya kukatisha hamu ya kula ndiyo iliyowafungua macho wanasayansi. Mwaka 1959, nzige wa jangwani walipovamia Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kwamba miarobaini ilibaki na majani yake huku mimea iliyoizunguka ikiwa imeliwa. Wakulima wa India walikuwa wakiutumia mti huo karne nyingi kabla ya hapo.

Pareto ni kinyume chake: hushambulia neva, na mdudu huanguka ndani ya dakika chache. Anayetaka kuona matokeo papo hapo na akatumia mwarobaini atadhani ametapeliwa.

2. Ni mimea gani ambayo kweli imethibitika?

Mbegu za mwarobaini na maua ya pareto ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi duniani, na yote mawili hutengenezewa bidhaa zilizosajiliwa. Anayefuata ni utupa, kichaka cha jamii ya kunde kinachojulikana kisayansi kama *Tephrosia vogelii*, ambacho tangu zamani majani yake yalitumika kulewesha samaki.

Kundi la tatu ni magugu na vichaka vya pembezoni mwa shamba: alizeti pori, mtugutu, kishona nguo na *Lantana camara*. Watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, waliijaribu mimea hiyo pamoja na utupa katika mashamba ya maharage kaskazini mwa Tanzania. Mavuno yalikaribiana na ya maharage yaliyopigwa kiuatilifu cha kiwandani, na wadudu rafiki walibaki kwa wingi zaidi. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mimea hiyo inaota yenyewe njiani bila mtu kuipanda.

Kitunguu saumu na pilipili kichaa hufukuza na kukera wadudu laini, lakini nguvu yake ni ndogo na haidumu. Sioni sababu ya kutumia kilo nzima ya kitunguu saumu cha sokoni pale ambapo alizeti pori imejaa kando ya barabara.

3. Kwa kuwa ni za asili, si ni salama kabisa?

Hapana. Nikotini ya tumbaku ni ya asili, na ni miongoni mwa sumu kali ambazo mkulima anaweza kuzishika kwa mikono yake. Hupenya kwenye ngozi. Rotenoni na degwelini zilizomo katika utupa huua samaki kwa viwango vidogo sana. Mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kumletea degedege na madhara ya ubongo. Pareto ina madhara madogo kwa binadamu, lakini ni kali kwa samaki na nyuki.

Faida halisi ya dawa nyingi za mimea ni kwamba huoza haraka juani na kwenye udongo, kwa hiyo hazilundikani shambani. Faida hiyo haimlindi anayetwanga, anayechuja na anayenyunyizia. Vaa glovu, funika pua na mdomo unapotwanga unga mkavu, usinyunyizie kuelekea upepo unakotoka, na tenga kinu, ndoo na kitambaa cha kuchujia ambavyo havitarudi jikoni. Usihifadhi mchanganyiko kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. (Kuhusu ajali, tazama swali la 22.)

4. Dukani nimeuziwa dawa nikaambiwa ni "ya pareto". Je, ni ile ile ya maua?

Mara nyingi siyo. Viini vya maua ya pareto huitwa piretrini, na ni sita vinavyofanana. Viwanda viliiga umbo lake vikatengeneza piretroidi, ambazo ni kemikali za maabara zisizoharibika upesi juani: saipamethrini, deltamethrini, lambda-sihalothrini, pamethrini na nyinginezo. Hizo ndizo zinazojaa kwenye maduka ya pembejeo. Soma kiambato kwenye lebo. Kikiwa mojawapo ya majina hayo, umenunua kiuatilifu cha kiwandani na unapaswa kukitumia kwa masharti yake.

Pareto yenyewe hulimwa nyanda za juu zenye baridi, kama vile Nakuru na Nyandarua nchini Kenya, Mufindi, Njombe na Mbeya nchini Tanzania, na kaskazini mwa Rwanda. Kenya iliongoza uzalishaji duniani kwa miongo mingi ya karne iliyopita.

## Kutayarisha

5. Nitumie majani au mbegu za mwarobaini?

Tumia mbegu kila unapozipata. Azadiraktini imo kwa wingi kwenye kiini cha mbegu, na kwenye majani ni kidogo sana. Dawa ya majani ina msaada dhidi ya uvamizi mdogo, lakini huhitaji majani mengi na matokeo yake hubadilika kutoka mti hadi mti. Wanaosema mwarobaini hauna nguvu, ukiwauliza, wengi wao walitumia majani.

6. Dawa ya mbegu za mwarobaini inatayarishwaje?

Kazi inaanza miezi kadhaa kabla ya wadudu. Okota matunda yaliyoiva yaliyoanguka, ondoa nyama yake siku hiyo hiyo au inayofuata, osha mbegu, kisha uzianike kivulini mahali penye upepo hadi zikauke vizuri. Zihifadhi kwenye gunia au kikapu kinachopitisha hewa. Mfuko wa plastiki hukusanya unyevu na kuleta ukungu. Mbegu zilizoota ukungu zitupe, kwani nguvu yake imepungua na ukungu wenyewe unaweza kuwa na sumukuvu. Usizitunze zaidi ya miezi minane hadi kumi.

Siku ya kutayarisha, bangua maganda na uangalie kiini: kizuri huwa na rangi ya kijani kibichi iliyofifia au nyeupe ya maziwa, na kilichoharibika ni cha kahawia. Twanga viini hadi viwe unga mkubwa mkubwa, bila kusaga mpaka mafuta yatoke. Pima gramu 50 za unga kwa kila lita ya maji, maana yake gramu 750 kwa bomba la mgongoni la lita 15. Funga unga kwenye kitambaa au uumwage moja kwa moja kwenye ndoo ya maji baridi, acha usiku kucha, kisha kamua na uchuje mara mbili ili bomba lisizibe. Ongeza sabuni (swali la 8) na unyunyizie siku hiyo hiyo.

Asiye na mizani apime kikombe kimoja cha unga wake mara moja kwenye mizani ya duka, aweke alama kwenye kikombe hicho, na akitumie daima. "Konzi mbili" za mtu mmoja si konzi mbili za mwingine.

7. Na majani ya utupa au alizeti pori yanapimwaje?

Katika majaribio ya Arusha yaliyotajwa kwenye swali la 2, majani yalikaushwa kivulini, yakasagwa kuwa unga, na unga ukalowekwa kwenye maji yenye sabuni kidogo kwa saa 24 kabla ya kuchujwa. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 10, yaani gramu 100 za unga kwa lita moja ya maji. Kwa bomba la lita 15 unahitaji kilo moja na nusu ya unga mkavu.

Kukausha kivulini ni sharti, kwa sababu jua linaloua dawa shambani huiua pia kwenye mkeka. Unga uliokauka vizuri hutunzwa kwenye chombo kilichofunikwa, gizani, na hukuwezesha kutayarisha dawa hata wakati wa kiangazi majani yanapopukutika. Anayetumia majani mabichi ajue kwamba sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, hivyo uzito ule ule wa majani mabichi hutoa dawa hafifu zaidi.

Utupa una tatizo lake la pekee la aina zisizo na sumu. Limeelezwa kwenye swali la 19.

8. Kwa nini tunaongeza sabuni, na ni sabuni gani?

Viini vingi vya mimea haviyeyuki vizuri kwenye maji, na majani ya mazao kama kabichi, vitunguu na njegere yana nta inayofanya matone yateleze. Sabuni husaidia kuvitoa viini kwenye unga na kuvifanya vishike kwenye jani. Gramu moja kwa lita inatosha; kwa bomba la lita 15 ni gramu 15 za sabuni ya mche iliyokwaruzwa na kuyeyushwa kwenye maji kidogo kabla ya kuchanganywa.

Sabuni ya unga ya kufulia ina kemikali kali zinazoweza kuunguza majani machanga, hasa ya matango, maharage na miche ya nyanya. Sabuni ikizidi, hata ya mche, huunguza vilevile. Jaribu kwanza kwenye mimea michache na usubiri siku mbili.

9. Nichemshe au nivundike kwa wiki kadhaa ili dawa iwe kali zaidi?

Kwa mwarobaini, vyote viwili hupunguza nguvu. Joto huvunja azadiraktini, na mchanganyiko unaokaa kwenye maji siku nyingi huoza. Harufu kali inayotokea ni ya uozo, wala haina uhusiano na ukali wa dawa. Kanuni ya kulowesha ni usiku mmoja kwa mbegu za mwarobaini na saa 24 kwa unga wa majani. Kilichobaki baada ya kunyunyizia kimwagwe kwenye udongo wa shamba hilo hilo, mbali na kisima, bwawa au mto. Tunza unga mkavu kwa ajili ya siku nyingine. Maji ya dawa hayatunziki.

10. Jirani huongeza majivu, tumbaku na mafuta ya taa. Niige?

Majivu yana ualikali mwingi, na azadiraktini huharibika upesi kwenye maji ya namna hiyo. Majivu yana nafasi yake, kwa mfano kunyunyiziwa makavu kwenye moyo wa mhindi au kuchanganywa na nafaka, lakini si ndani ya ndoo ya mwarobaini.

Tumbaku ningeshauri iachwe kabisa. Mbali na sumu iliyotajwa kwenye swali la 3, majani makavu ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya batobato ya tumbaku, ambavyo huambukiza nyanya, pilipili na mazao mengine ya jamii hiyo. Mtu anaweza kuua vidukari na papo hapo kupandikiza ugonjwa usio na tiba. Mafuta ya taa huunguza majani na kuacha harufu kwenye mboga.

## Shambani

11. Ninyunyizie saa ngapi, na nirudie baada ya siku ngapi?

Nyunyizia jioni, jua linapokaribia kuzama. Mwanga wa jua huvunja azadiraktini ndani ya siku chache na piretrini ndani ya saa chache, kwa hiyo dawa ya jioni hupata usiku mzima wa kufanya kazi, wakati ambao viwavi wengi pia hutoka kula. Jioni nyuki nao wamekwisha kurudi mzingani.

Rudia kila baada ya siku tano hadi saba wadudu wanapoendelea kuonekana. Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka vizuri, rudia mara mvua inapotulia. Elekeza pua ya bomba chini ya majani, kwa sababu vidukari, inzi weupe na utitiri hukaa huko. Anayepiga juu tu atamaliza ndoo zake bila kuwafikia.

12. Je, dawa za mimea zinaweza kumdhibiti kiwavijeshi vamizi?

Ndiyo, kwa sharti la kumkuta mdogo. Kiwavijeshi vamizi alibainika Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuingia Tanzania na Kenya mwaka 2017, na tangu hapo ndiye anayeleta maswali mengi kuliko wadudu wote wa mahindi. Jike hutaga mayai kwa mafungu yenye makumi hadi mamia, yaliyofunikwa kwa manyoya. Viwavi wanaoanguliwa hukwangua jani na kuacha madoa meupe kama madirisha madogo. Huo ndio wakati wa mwarobaini.

Kiwavi akishakua huingia ndani ya moyo wa mhindi na kuziba mlango kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Hapo dawa ya kunyunyizia haimfikii, na viuatilifu vya dukani navyo hushindwa mara nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kagua shamba angalau mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapoota; ponda mafungu ya mayai kwa vidole; nyunyizia ukielekeza dawa ndani ya moyo wa mmea; na viwavi wakubwa waliobaki waokotwe kwa mkono. Wapo pia wanaodondosha unga wa mbegu za mwarobaini uliochanganywa na pumba za mbao ndani ya moyo wa kila mhindi, njia iliyoanza kutumika dhidi ya funza wa mabua. Inafaa kwa shamba dogo na familia yenye mikono mingi.

13. Ni wadudu gani wengine wanaosikia dawa hizi, na nani hawasikii?

Vidukari, inzi weupe, viwavi wachanga wa nondo wa kabichi na mbawakavu wanaotoboa majani ya maharage hudhibitika vizuri. Thripsi hupungua lakini hawaishi, kwa kuwa hujificha ndani ya maua na kwenye mikunjo ya majani. Utitiri huathiriwa na sabuni na mafuta kuliko na azadiraktini.

Wasiofikiwa ni wale walio ndani ya mmea. Funza wa mabua akishatoboa shina, na inzi wa matunda akishataga ndani ya embe, hakuna dawa ya kunyunyizia ya nyumbani itakayowatoa. Kantangaze wa nyanya yuko katikati: viwavi wachanga kabla hawajazama kwenye jani huathiriwa na mwarobaini, lakini anayetegemea mwarobaini peke yake dhidi yake atavuna hasara. Atahitaji pia mitego ya feromoni (harufu inayowavuta nondo madume), kung'oa na kufukia majani na matunda yaliyoshambuliwa, na kutopanda nyanya baada ya nyanya.

Minyoo fundo ya kwenye mizizi haiguswi na dawa ya majani. Huko hutumika mzunguko wa mazao, marejea, na mashudu ya mwarobaini yanayochanganywa na udongo. Magonjwa ya virusi na bakajani hayatibiwi na dawa hizi. Kwa virusi, msaada wake ni kupunguza wadudu wanaovieneza.

14. Ekari moja inahitaji kiasi gani, na je, inalipa?

Fanya hesabu kabla ya msimu. Ekari ya mazao yenye majani ya wastani huhitaji takribani lita 200 za mchanganyiko, yaani mabomba kumi na matatu ya lita 15. Kwa mwarobaini wa gramu 50 kwa lita, hizo ni kilo 10 za viini vilivyobanguliwa kwa mpigo mmoja tu. Kwa unga wa utupa wa asilimia 10, ni kilo 20 za unga mkavu, ambazo zinatokana na majani mabichi mengi mara kadhaa ya uzito huo. Zidisha kwa idadi ya mipigo ya msimu mzima.

Gharama ya fedha ni ndogo, lakini kazi ni nyingi, na katika familia nyingi kazi hiyo huangukia akina mama na watoto bila kuhesabiwa. Kwa maoni yangu dawa hizi zinalipa kwenye robo ekari hadi nusu ekari ya mboga au maharage, kwenye vitalu vya miche, na kwa anayelenga soko la kilimo hai. Mwenye ekari tano za mahindi anayeambiwa aache kila kitu atumie majani anapewa ushauri ambao mtoaji wake hajawahi kutwanga. Kwa shamba la ukubwa huo ni afadhali kununua bidhaa ya mwarobaini iliyosajiliwa, au kupanda utupa kuzunguka shamba miezi kadhaa kabla. Utupa huongeza naitrojeni kwenye udongo, kwa hiyo nafasi yake haipotei bure.

15. Zinaua nyuki na wadudu rafiki?

Mwarobaini huwaathiri hasa wanaokula jani lililonyunyiziwa, hivyo buibui, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na mbawakavu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari hupona kwa kiasi kikubwa. Pareto haichagui: humwangusha kila mdudu aliyeguswa, ingawa masalia yake huisha mapema. Utupa uko katikati. Nyunyizia jioni, na epuka kupiga maua yaliyochanua.

Kuwepo kwa wadudu rafiki si mapambo. Vidukari wakipungua nusu kwa dawa, hao ndio wanaomalizia nusu iliyobaki, na ndiyo sababu dawa hafifu inaweza kutoa mavuno sawa na dawa kali inayoua kila kitu.

16. Nivune baada ya siku ngapi?

Kwa bidhaa iliyosajiliwa, fuata siku zilizoandikwa kwenye lebo. Dawa ya nyumbani haina lebo, kwa hiyo tumia tahadhari: mboga za majani zilizopigwa mwarobaini ziache karibu wiki moja, kwani uchungu hubaki, kisha uzioshe vizuri. Utupa usipigwe kabisa kwenye mboga za majani zinazokaribia kuchumwa. Utumie kwenye maharage na kunde kabla hazijaweka vitumba vinavyokomaa.

## Ghalani

17. Naweza kuhifadhi maharage na mahindi kwa unga wa majani?

Kwa maharage na kunde, njia rahisi na salama ni mafuta ya kula: mililita 5 kwa kila kilo, yakichanganywa hadi kila punje ipake. Mafuta huziba mayai ya wadudu yasipate hewa. Unga wa utupa hufanya kazi vizuri dhidi ya wadudu hao, lakini ningeutumia kwa mbegu za kupanda tu, na chombo kiandikwe wazi kwamba si chakula.

Kwa mahindi, majani husaidia kiasi dhidi ya fukusi na ni dhaifu dhidi ya dumuzi. Dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati, alionekana Tanzania mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na ameshinda mbinu nyingi za jadi. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ikijazwa mahindi makavu na kufungwa barabara, huua wadudu kwa kuwanyima hewa bila sumu yoyote. Mwenye uwezo wa kuinunua asihangaike na majani.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nyumbani kuna mti unaofanana na mwarobaini. Nitajuaje kama ndio?

Huenda ni *Melia azedarach*, ndugu yake wa karibu anayepandwa sana kwa kivuli. Mwarobaini una vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, maua meupe, na matunda marefu kidogo yanayoanguka yakiiva. Melia ina kikonyo chenye matawi, maua ya zambarau hafifu, na matunda ya mviringo yanayobaki yakining'inia kwa vichala hata majani yakiisha kupukutika. Melia nayo ina viini vinavyozuia wadudu, lakini matunda yake ni sumu kwa binadamu na mifugo, nguruwe hasa. Usiyatumie kwa vipimo vya mwarobaini.

19. Nimefuata vipimo vyote na utupa wangu hauui chochote. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea. Uchunguzi wa utupa uliokusanywa kwa wakulima wa Malawi ulionyesha kwamba mmea huu una aina mbili za kikemikali: moja ina rotenoidi zinazoua wadudu, nyingine haina, na kwa macho haziachani. Mkulima anaweza kupewa mbegu za aina isiyofaa na kulima kichaka kinachorutubisha udongo vizuri lakini kisichoua hata kidukari.

Jaribu kabla ya kupanda nyingi. Chovya tawi la kunde lenye vidukari kwenye dawa ya asilimia 10, chovya jingine kwenye maji yenye sabuni peke yake, yaweke kivulini na uyalinganishe baada ya siku mbili. Tawi la sabuni ni la lazima, kwa sababu sabuni peke yake huua baadhi ya vidukari. Ukipata kichaka chenye nguvu, chukua mbegu zake hicho hicho. Usijaribie mtoni au bwawani. Uvuvi wa sumu ni kosa kisheria, na samaki wa watu wengi watakufa kwa jaribio la mtu mmoja.

20. Naweza kuchanganya na kiuatilifu cha dukani kwenye bomba moja?

Usifanye hivyo isipokuwa lebo inaruhusu. Mchanganyiko wa nyumbani una mafuta, tindikali na chembechembe zinazoweza kuganda pamoja na dawa ya kiwandani au kuongeza kupenya kwake kwenye majani hadi yaungue. Dawa za shaba za kuzuia ukungu zipigwe siku nyingine.

21. Wadudu wanaweza kuzoea dawa za mimea?

Wanaweza, ila polepole kuliko kwa kemikali moja. Katika jaribio la maabara, vidukari waliopigwa azadiraktini safi kwa vizazi 40 walijenga usugu, ilhali waliopigwa dondoo kamili la mbegu za mwarobaini hawakujenga. Mchanganyiko wa viini vingi ni mgumu kuzoewa. Hata hivyo, badilisha dawa, na usitumie pareto pekee mahali ambapo piretroidi (swali la 4) zimepigwa miaka mingi, kwa kuwa usugu dhidi ya moja unaweza kuwa usugu dhidi ya nyingine.

22. Dawa imeingia machoni, au mtoto ameinywa. Nifanye nini?

Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika kumi na tano. Ngozi ioshwe kwa sabuni na nguo zivuliwe. Aliyekunywa asilazimishwe kutapika wala asipewe maziwa au mafuta. Apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na jani, mbegu au chupa ya dawa yenyewe. Tumbaku na utupa ni dharura hata kama mgonjwa anaonekana mzima.

23. Naruhusiwa kuuza dawa ninayotengeneza, na mwenye cheti cha kilimo hai anaweza kuitumia?

Kutengeneza kwa ajili ya shamba lako ni jambo moja, na kuiuza ni jambo jingine. Tanzania, viuatilifu vyote vinavyouzwa, pamoja na vya mimea, husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kenya, chombo husika ni bodi ya kudhibiti viuatilifu iitwayo PCPB. Usajili hudai vipimo vya ufanisi na usalama, na hauwezi kukwepwa kwa kubandika neno "asilia" kwenye chupa. Mahali pazuri pa kuanzia, kwa anayetaka biashara bila usajili huo, ni kuuza mbegu za mwarobaini zilizokaushwa vizuri kwa viwanda na vikundi vinavyozihitaji, au miche ya utupa uliokwisha kujaribiwa.

Kwa kilimo hai, nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja tangu mwaka 2007, na mimea mingi iliyotajwa hapa inakubalika. Hata hivyo mwonyeshe mkaguzi wako orodha ya mimea na viongezi, ikiwemo sabuni, kabla ya kunyunyizia, na utunze daftari lenye tarehe, zao, kipimo na mdudu aliyelengwa. Mkaguzi atalidai daftari hilo.